Tabaruku ya Paskazia

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya uchawi, wanaonijua hapa Dodoma watakwambia. Lakini yaliyompata dada yangu Evelina mwaka 2000 niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, kwenye maktaba ya chuo nilikokuwa mhudumu.

Tulikuwa tumepata kompyuta ya kwanza, na sidii moja, ile diski ya kung'aa, yenye orodha ya tasnifu za vyuo vya nchi nzima. Evelina alikuwa anaanza tasnifu yake. Alikuja kuhakikisha hakuna aliyewahi kuandika mada yake, maana ikikutwa imeshaandikwa, wanaikataa.

"Noeli, nifundishe basi," alisema.

Nikamfundisha. Ukiandika neno moja, matokeo yanakuja mengi. Ukiliunganisha na jingine kwa NA, yanapungua. Akaandika MTAMA: 212. MTAMA NA HANETI: tisa. Akaongeza WANAWAKE. Ikabaki moja.

Ilikuwa mada yake, neno kwa neno. Mwandishi: Paskazia Matonya.

Jamani, Paskazia! Aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Aliyekula ugali wa mama yetu kila likizo, mama akimwita mwanangu. Mtu pekee aliyeambiwa mada ile.

"Mbona Paska hajaandika hata sura ya kwanza?" Evelina alinong'ona.

Akashuka chini ya ukurasa. Orodha ile haikuwa na kawaida ya kuonyesha tabaruku za watu, yale maneno ya kumtunukia mtu kazi yako. Hii ilionyesha. Mstari mmoja tu.

Kwa marehemu Evelina.

Nilizima kompyuta. Nikawasha. Tukatafuta upya. Mstari ulikuwepo.

Tulimkuta Paskazia chumbani kwao, anapiga pasi sketi. Evelina akamweleza. Nilitegemea acheke, au atutukane. Aliweka pasi pembeni.

"Niliambiwa ili nifaulu nitoe jina la mtu anayeniamini," alisema taratibu. "Nisamehe, Eve. Sikuwa na mwingine."

Dada yangu hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikaa kitandani, akamtazama weee.

"Miaka miwili, Paska," akasema. "Miaka miwili nakufunika kwa shuka langu."

Siku ya tatu alianguka darasani. Hakuwa na homa. Daktari hakuona kitu. Tulimzika kijijini kwetu Haneti, na Paskazia akalia kutushinda sisi wafiwa, mpaka mama, asiyejua lolote, akamkumbatia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Niliporudi kazini niliitoa ile sidii niivunje. Nikayaona maandishi madogo pembeni, yanayosema imetengenezwa lini.

Mwaka 1996.

Evelina na Paskazia walikutana mwaka 1998, siku ya kwanza chuoni, kwenye foleni ya usajili. Dada alipenda kunisimulia. Yeye alikuwa nyuma kabisa, hamjui yeyote wala hajulikani na yeyote. Paskazia alikuwa mbele, zamu yake imefika. Akaiacha zamu yake, akawapita watu wote, akaja moja kwa moja mpaka aliposimama dada yangu, akamwita kwa jina.