Walitaka Mkonga wa Baba Ufie Gereji

"Fabiola, kata kona! KATA KONAAA!"

"Haikati!"

"Mungu wangu, tunaenda!"

Ndugu zangu, hapo ndipo niliponusurika kuwa marehemu.

Tulikuwa katikati ya mteremko wa Magara. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu, na Ziwa Manyara linang'aa kule chini kana kwamba halina habari na sisi.

Nyuma nilikuwa nimepakia magunia ya vitunguu saumu kutoka Bashay. Tulikuwa tunawahi mnada wa Katesh. Pembeni yangu alikaa mwenye mzigo, Fransiska, mimi huwa namwita Mama Joseph.

Stelingi ikawa nzito ghafla!

Sio nzito ya kawaida. Ni kama kuna mtu chini ya gari amekumbatia magurudumu, anavuta kwake.

Nilikuwa kwenye gia ndogo, hiyo ndiyo iliyotuokoa. Mama Joseph aliachia rozari, akadaka usukani na mimi.

"Vuta kwangu Mama Joseph, vuta!"

"Navuta mwanangu!"

Tukavuta kama tunang'oa kisiki. Pua ya gari ikageuka kidogo kidogo... nikaliegemeza ubavu kwenye ukuta wa mlima. Likakwaruza. Likalia. Likasimama.

Kimya.

"Fabi... tumekufa au tupo?"

"Tupo, Mama Joseph."

"Basi nifungulie mlango nikalie huko nje."

Nilishuka, nikachungulia chini. Oili nyekundu ya stelingi ilikuwa inateremka kwenye zege utadhani gari limechinjwa.

Na hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kwa sababu gari lilikuwa limetoka gereji jana yake. Kwa tatizo hilo hilo!

Ngoja niwaelezee mnielewe.

Mimi ni dereva. Ndiyo, mwanamke, dereva, Mbulu mjini. Gari langu ni Landcruiser la zamani, lile tunaloita mkonga. Aliniachia marehemu baba yangu, mzee Hhando. Lina umri kunizidi. Nyumba yangu inakula kupitia hilo gari.

Shida yake ilikuwa moja. Boksi la stelingi lilikuwa linavuja. Lile boksi ndilo linalopokea nguvu ya usukani na kuipeleka kwenye magurudumu, na ndani yake kuna oili inayokusaidia kukata kona bila kutoa jasho. Chini ya boksi inatoka shafti, na pale inapotokea kuna sili, mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Sili ikichoka, oili inadondoka. Oili ikiisha, unapigana na chuma.

Nikapeleka kwa fundi Joakimu. Huyu alikuwa fundi wa baba. Mtu wa kanisani, mtu wa nyumbani, anakuja kwetu anakunywa chai bila kualikwa.

Akachungulia chini, akatoka anatikisa kichwa.

"Fabi, boksi limekufa. Hili uza tu. Shemeji yangu analitaka hivyo hivyo lilivyo."

"Sijakuuliza nani analitaka. Weka sili mpya."

"Utapoteza muda."

"Weka."

Akaweka. Akanikabidhi funguo huku ananiambia, "Lakini nimekuonya. Halitakaa."

Kesho yake, Magara!

Siku hiyo lori la mchanga lilitukokota mpaka Mbulu. Mama yangu, bibi Efrazia, ninayeishi naye, aliposikia yaliyotupata alikaa chini palepale uani, khanga mdomoni. Nikajua ni mshtuko.

Joakimu alikuja nyumbani jioni ile ile. Sikumwita!

"Si nilikwambia? Boksi limekufa. Leo umepona, kesho je? Mwite shemeji alichukue."

Mama akadakia kutoka mlangoni, "Uza mwanangu. Chuma hicho kitakuua."

Nilimwangalia Joakimu. Nikamwangalia mama. Nikasema:

"Siuzi."

"Fabi..."

"Fundi, shikamoo yako nimekupa, chai umekunywa. Gari la baba yangu siuzi. Usiku mwema."

Jamani, mkinijua mtaniita mbishi. Sawa. Mbishi mwenye gari.

Nina jirani anaitwa Kissa, mtu wa Mbeya, aliletwa huku kufundisha ufundi wa magari chuoni. Mwalimu wa kike, ovaroli lake jeupe mgongoni na jeusi kifuani kwa oili. Nikamgongea mlango.

"Mwalimu, nataka kufungua boksi la stelingi. Nataka nilione hilo lililokufa kwa macho yangu."

Akacheka. "Jumamosi sina kipindi. Tafuta mawe ya kuzuia matairi, na boksi la karatasi la kulalia. Mimi nitakusimamia, mikono itachafuka ya kwako."

Jumamosi tukaanza. Tulifungua ule mkono wa chuma ulioshika chini ya shafti. Nyie, ule mkono umeng'ang'ania! Tulifunga chombo cha kuuvutia, nikakaza, nikakaza, mpaka ukaachia kwa mlio kama risasi. Mama akapiga kelele ndani ya nyumba.

"Achaneni na hilo lichuma!"

"Mama, pumzika."

Tukashusha boksi zima, tukaliosha kwa dizeli, tukalifungua kwenye meza ya jikoni niliyoitoa nje.

Kissa aliangalia ndani muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye shafti. Akakipitisha tena.

"Fabi, nani alikwambia limekufa?"

"Joakimu."

"Shafti haina kutu, haina mkwaruzo. Meno mazima. Hili boksi lina afya kuliko mimi."

"Sasa mbona lilimwaga oili yote?"

Kissa alichokoa ile sili mpya ya Joakimu, akaifuta, akaninyooshea.

"Sili ikichoka inakuwa ngumu, inamegeka, inachanika hovyo hovyo. Hii angalia."

Nikaangalia. Mdomo wa mpira ulikuwa na mstari mmoja. Umenyooka. Msafi.

"Hii... imekatwa?"

"Kwa wembe. Na aliyekata alijua pa kukata."

Nilihisi baridi, na jua la Mbulu lilikuwa limetoka siku hiyo. Joakimu! Mtu aliyebeba jeneza la baba!

Kissa akanishika bega. "Kulia utalia baadaye. Tufunge boksi kwanza."

Tukabadilisha sili zote, sio ile ya chini tu. Alinionyesha kuzungushia utepe wa gundi kwenye meno ya shafti kabla sili haijapita, maana yale meno yenyewe yanaweza kuichana kabla hata gari halijawashwa. Nikaisukuma taratibu, kama unavyomvalisha mtoto mchanga kofia. Tukarudisha boksi, tukajaza oili, tukanyanyua magurudumu ya mbele, nikawasha na kuzungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mpaka upepo uliobaki ndani ya oili ukatoka.

Tukatandika karatasi nyeupe chini. Tukanywa chai. Tukarudi kuangalia.

Hakuna tone!

Nikazungusha usukani kwa kidole kimoja. Hapo ndipo nilipolia.

Jumatatu asubuhi nikaingia gereji kwa Joakimu na mkonga wangu. Madereva wamejaa, wengine wamelala chini ya magari. Nikazunguka uwanja wote kwa mkono mmoja, nikasimama mbele ya miguu yake.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi."

"Acha utani, Fabi."

"Utani ni huu." Nikaweka ile sili kwenye meza yake ya vyuma. "Nieleze huo mstari."

Akaiangalia, akanyanyua macho, akaona watu wanasogea.

"Hiyo ilitoka dukani mbovu."

"Ilitoka dukani na alama ya wembe?"

Akanisogelea, akashusha sauti. "Punguza sauti. Mambo mengine ni ya familia yenu."

"Familia yangu imeingiaje kwenye sili?"

"Kamuulize mama yako."

Wasomaji wangu... sijui nilifikaje nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti mbele yake, maana pamoja na yote ni mama yangu.

"Mama, mpira wa stelingi ulikatwa kwa wembe. Joakimu anasema nikuulize wewe."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Mama?"

"Nilimpa mbuzi," akasema.

"Mbuzi wa nini?"

"Aseme gari limekufa."

Mama yangu! Yule niliyekuwa nampelekea mkate wa moto kila nikirudi safari!

"Kwa nini, Mama?"

Akausogeza ungo pembeni. Kisha akaongea, na alipoanza hakuweza kuacha.

Mnakumbuka yale maporomoko ya mlima Hanang mwaka 2023? Mama alikuwa anakaa Katesh, Jorodom, na mdogo wake. Asubuhi ile tope lilichukua nyumba. Yeye alitoka. Mama mdogo hakutoka. Ndiyo maana nilimleta Mbulu.

"Wewe unaona nimetulia hapa," akasema. "Mimi sijatulia. Kila mtu akitoka kwenye huo mlango, ndani yangu nimeshamzika. Na wewe unashuka Magara, halafu unaenda kule kule Katesh, kila mnada. Nilichoka kukuzika, Fabiola."

"Sasa ungeniambia!"

"Ungeacha?"

Nisingeacha.

"Nilimwambia aseme uongo tu. Akate mpira? Sikumwambia hivyo. Uliporudi siku ile nikajua ni mimi... ni mimi niliyekusukuma..."

Akalia. Mama yangu halii mbele ya mtu. Nilimshika, lakini sitawadanganya, nilimshika nikiwa na hasira. Huruma na hasira, vyote viwili vilikuwa kifuani kwa wakati mmoja.

Kisha mama akafanya kitu ambacho sikukitegemea.

Akasimama. Akajifunga khanga kiunoni.

"Nipeleke gereji."

"Mama, acha, nitamalizana naye mimi."

"Nimesema nipeleke!"

Joakimu alipomwona anashuka, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Kwetu huku mzee akikunyima marahaba mbele za watu, ni afadhali akupige. Gereji nzima ikashusha spana.

"Nilikupa mbuzi useme uongo," mama akasema, sauti haitetemeki. "Hiyo ni dhambi yangu, nimekuja kuisema mbele ya hawa wote. Sasa na wewe sema yako. Nani alikutuma ukate mpira wa gari la mwanangu?"

"Mama, twende pembeni..."

"Hapa hapa!"

"Mimi... nilijua oili itamwagika akiwa hapa mjini. Nilijua ataona, atakata tamaa auze. Sikujua atashuka Magara kesho yake."

"Amuuzie nani?"

Akaikunja kofia yake mkononi.

"Amuuzie nani, Joakimu?"

"Shemeji," akasema, kama anatema mchanga.

Mnaona sasa? Mama alimpa hofu yake aitunze. Yeye akaigeuza mtaji.

Dereva mmoja, Baltazar, wa lori la mbao, akatoka nyuma ya kundi. Akanyoosha mkono.

"Fundi, naomba funguo yangu."

"Balta, gari lako sijamaliza..."

"Naomba funguo."

Mwingine akaja. Na mwingine. Waliokuwa wamelala chini ya magari wakatoka wanajikung'uta. Polisi nilikwenda pia, na huko mambo yanaendelea, sitayasemea hapa. Lakini nawaambia, mtu huyo hakuogopa polisi kama alivyoogopa ile mikono iliyonyooshwa inadai funguo.

Nyumbani, mimi na mama hatukupona siku moja. Nilimwambia wazi:

"Mama, nimekusamehe. Lakini kuendesha siachi. Sio kwa mbuzi, sio kwa machozi."

"Nimesikia," akasema.

Mnada uliofuata nikapakia vitunguu alfajiri. Mama Joseph akakataa kiti cha mbele, eti yeye ameshavuta stelingi ya kutosha, akapanda nyuma na magunia. Nageuka kufunga mlango... mama yangu ameshakaa kiti cha mbele! Sweta, kilemba, mkoba mapajani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Unakoenda."

Tulipofika juu ya Magara, pale ukungu unapoachia na bonde linafunguka lote, akanishika mkono.

"Simama."

Nikajua basi, moyo umemshinda. Nikasimama. Akashuka. Nikasubiri aseme nimrudishe.

Mama akapiga magoti kwenye zege. Akaingiza kichwa chini ya gari, mzee yule, na mkono wake. Akapapasa chini ya boksi la stelingi. Akatoa mkono, akauangalia kwenye mwanga, mbele na nyuma.

"Pakavu," akasema.

Akapanda. Akafunga mlango. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha.

"Naogopa, Fabiola."

"Najua, Mama."

"Haya. Shuka."

Nikatia gia ndogo, nikashuka mteremko.

Ewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unamwogopea, mwambie usoni. Mwambie "naogopa", hata kama hatakusikiliza. Usimkatie njia kwa siri, kwa sababu hujui yule uliyemkabidhi siri yako ana wembe gani mfukoni. Na wewe unayekatiwa njia kwa jina la upendo, fungua boksi uone mwenyewe ndani kabla hujakubali kwamba limekufa.

Mimi, Fabiola binti Hhando, niko barabarani. Ukikutana na mkonga wa zamani unashuka Magara, na mama mzee mbele anasali kwa sauti huku anamwambia dereva apunguze mwendo, tupishe. Tunawahi mnada.