Kuni za Mruka

Kuni zilikuwa na joto.

Hilo ndilo lililomshtua Mektilda asubuhi ile ya Julai, alipoinama nyuma ya nyumba kuchukua mzigo wa kwanza. Ukungu ulikuwa umelalia mibuni, vidole vyake vimekufa ganzi, lakini kigogo alichokishika kilikuwa na uvuguvugu wa ubavu wa mbuzi. Akakiachia. Akakigusa tena kwa kiganja kizima. Bado vuguvugu.

"Labda ni jua la jana," alijisemea, ingawa jana jua halikutoka.

Kuni zilitoka kwenye mti mkubwa wa mruka uliokuwepo hata kabla nyumba haijajengwa. Matawi yake yalikuwa yameifunika kahawa mpaka ikakosa mwanga, na moja lilikwaruza bati kila upepo ulipovuma. Mektilda akamwita jirani yake, Bernadi, akaja na msumeno, akaupogoa mti kutwa nzima, akapasua matawi na kuyapanga ukutani.

"Hizi zitakuvusha baridi yote, Mama Lidia," alimwambia, huku akijifuta jasho.

Baridi ya milima ya Mbinga haina huruma kwa mtu anayeishi peke yake. Mumewe, Romanus, alizikwa mwaka juzi. Lidia, mtoto wao pekee, ameolewa Lituhi, kule chini ziwani ambako watu hawana haja ya sweta. Jumapili baada ya misa Lidia alipiga simu, akauliza afya, akauliza kahawa. Mektilda alijibu kuwa hajambo, kahawa haijambo, kisha akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatika.

Siku ile alikoka moto jikoni. Kuni zilishika upesi, zikatoa harufu kama ya nywele zinazoungua. Aligeuka kuchota unga, na nyuma ya mgongo wake akasikia mtu akipuliza moto.

Fuu. Fuuu.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ila moto ulikuwa umeinuka, na majivu mbele ya mafiga yalikuwa yametawanyika, kama yanavyotawanywa na pumzi.

Angepaswa kutoka mbio. Badala yake alisimama pale na kibakuli cha unga mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kuna mtu alikuwa amemsaidia kazi ya jikoni.

"Asante," alisema kwa sauti ndogo.

Tangu hapo, akirudi kutoka shambani aliukuta moto unawaka. Kigoda cha Romanus, alichokuwa amekiegemeza ukutani, alikikuta kimewekwa upande wa pili wa mafiga. Alianza kuzungumza akipika: habari za mibuni, habari za goti lake. Hakujibiwa, lakini alisikilizwa. Kilichomtatiza ni kimoja tu. Moto ule uliwaka kwa ndimi ndefu, wala haukumpa joto. Kadiri alivyousogelea ndivyo baridi ilivyomwingia mifupani, akaanza kulala na koti, halafu na makoti mawili.

Kisha sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba, si ya mtoto wala ya mtu mzima, ikatokea pale penye kigoda.

"Mama. Nasikia baridi."

Mektilda alikunja rozari kiganjani, asiisali. "Wewe ni nani?"

"Ulikata nyumba yangu, ukaniingiza kwako. Ongeza kuni, mama."

Akaongeza.

Bernadi alipomwona siku moja kisimani, midomo imemgeuka rangi na mikono inamtetemeka mchana kweupe, alimpigia simu Lidia bila kumwambia mwenyewe. Lidia akapanda gari, akafika jioni na mtoto wake mchanga mgongoni.

"Shikamoo mama. Jamani, mbona umekonda hivi?"

"Marahaba. Baridi tu, mwanangu. Usikae jikoni, kuna moshi."

Lakini Lidia alikuwa ameumwa na baridi ya njiani. Aliingia moja kwa moja, akatandika khanga karibu na mafiga, akamlaza mtoto, akatoka kuteka maji. Mektilda alikuwa mlangoni. Alimwona mtoto akinyoosha mikono kuelekea kile kigoda kitupu, akicheka kama anavyocheka mtoto akimwona mtu anayemjua, na ncha ya khanga ikaanza kunyanyuka yenyewe taratibu, na ile harufu ya nywele zinazoungua ikajaa jiko zima, na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa karibu sana na sikio lake ingawa hakuona kitu, ikasema kwa upole kama wa bibi aliyemngoja mjukuu muda mrefu, "Nipe, mama, nimpakate, wewe umeshachoka," na mtoto akaacha kucheka.

Mektilda aliruka, akamnyakua. Unyayo wa mtoto ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Akapiga kelele mpaka Bernadi akasikia ng'ambo ya shamba.

Kesho yake Bernadi alimleta Bibi Walburga, mganga kutoka Tingi, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Hakuingia jikoni. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Alipokuja, ulimsemesha?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nilimwambia asante."

"Hukuogopa?"

Mektilda alimtazama Lidia, akainamisha macho. "Niliogopa. Lakini nilikuwa na mtu."



Walburga aliagiza kuni zote zilizobaki zirudishwe chini ya mruka, na majivu, na kigoda. Bernadi na Lidia wakabeba. Mganga akazungusha maji ya dawa shinani, kisha akamsukuma Mektilda mbele.

"Wewe ndiye uliyempokea. Wewe ndiye wa kumtoa. Sema."

Mektilda alifungua mdomo, ukakataa. Juu, kwenye vidonda vyeupe vya matawi, kuna kitu kilikuwa kinalia kwa kwikwi, kama mtu anayefukuzwa na ndugu zake.

"Sema, mama," Lidia alimsihi, mtoto kifuani.

"Kwangu si kwako," Mektilda alisema hatimaye, huku machozi yanamtoka. "Nenda. Usirudi."

Kwikwi zikakatika. Walburga akafunga jiko kwa kufuli, akashauri nyumba iachwe mpaka baridi iishe. Lidia akashuka na mama yake Lituhi.

Ziwani kulikuwa na joto. Rangi ya midomo ikamrudia Mektilda. Alikaa ufukweni akigeuza dagaa wa usipa kwenye chanja, mjukuu kando yake, na mkwe wake alimheshimu. Usiku alilala vizuri. Wakati mwingine aliamka, akasikiliza, akasikia maji tu.

Kahawa ilipofikia kuchumwa, Lidia alimpigia Bernadi kumuuliza kama amepata vibarua. Aliweka simu kwenye kipaza sauti ili mama yake naye asikie.

"Vibarua wapo," Bernadi alisema. "Tena mama yako amefurahi sana. Ndiyo kwanza tunaota moto hapa jikoni."

Lidia alimgeukia mama yake. Mektilda alikuwa ameketi juani, usipa mkononi, mdomo wazi.

"Bernadi," Lidia alisema polepole, "unaota moto na nani?"

"Na mama. Si amerudi juzi? Niliona moshi, nikabisha hodi, akanikaribisha. Ngoja nimpe simu."

"Bernadi, toka humo! Toka sasa hivi!"

Lakini simu ilikuwa imekwisha kubadilisha mikono. Kuni zilisikika zikilia motoni. Halafu sauti ya Mektilda ikasikika, kavu kidogo, ya mtu aliyezoea kutojibiwa, ikasema neno ambalo Mektilda, kwa miaka yote miwili tangu mazishi, hakuwahi kuthubutu kumwambia binti yake:

"Lidia, mwanangu. Mbona umeniacha peke yangu?"