Sauti Yangu Ndiyo Iliyompeleka Mama kwa Yule wa Sindano

Nilisukuma mlango, nikamkuta mama amelazwa ubavu, mgongo wazi, na kakangu Sabir kamshika mikono!

Jibaba la koti jeupe limeinua sindano...

"Sabir! Wamfanya nini mama?"

"Tulia, Mwanakuu. Ni seli shina, chembe hai za kuotesha ubongo upya. Zaingia uti wa mgongo, zapanda ubongoni. Mama atatujua tena."

Jamani, miaka minne namuuguza mama. Kumuogesha mimi. Kumsaka vichochoroni Mji wa Kale mimi. Sabir huja Ijumaa, hula biriani, huyoo! Leo nimegeuka kuosha vikombe vya wageni tu, kamtia kwenye tuktuk hadi kliniki hii ya Tononoka! Majirani ndio walionielekeza.

Nikamgeukia yule wa koti.

"Dawa hiyo kapona nani?"

"Utafiti upo, dada."

"Kapona NANI?"

Akaishusha sindano...

"Panya!" nikapiga ukelele. "Mpangaji wangu Odera asomea mambo haya, kanieleza. Panya walitiwa ugonjwa wa kusahau, wakapewa seli, wakakumbuka njia. Kwa binadamu bado wapimapima tu. Mama si panya!"

Sabir akamwachia mama. Macho yamemwiva.

"Kumbe wajua?"

Akabonyeza ujumbe wa sauti kwenye simu. Sauti ikajaa chumba...

"Haya wanagrupu! Ugonjwa wa mama, dawa imepatikana! Seli shina! Waliosahau wakumbuka njia!"

Sauti yangu.

Wasomaji wangu, niliketi sakafuni. Siku niliyoirekodi sauti ile nyumba ilijaa wageni, kahawa yazunguka, nami naona watu wamechoka na habari za mama. Basi panya nikawaacha nje. Habari ikanoga.

"Huyu wa sindano simjui," Sabir akasema. "Nilikuamini wewe, dadangu."

Tulimfunika mama, tukarudi naye.

Nyumbani mama akaomba maua yake ya asmini. Vidole havijasahau kutunga. Akamaliza kikuba, kishada cha kubana kifuani, akanipa.

"Mpe mwanangu Mwanakuu, akija. Akipenda sana asmini."

"Nitampa, mama."

Nikakibana kifuani. Hata machozi yalinichoka.

Ukipeleka habari ya dawa, ipeleke na panya wake. Kuna mtu huko aisikiza kwa roho yote.

Nimetuma sauti nyingine kwenye grupu, panya wote wamo.

Hadi sasa hakuna aliyejibu.