Watoto wa Mama Mwiko

Kila Jumamosi asubuhi, Kisiki na binamu zake walikusanyika kwa bibi yao kufua na kupiga deki. Jina la Kisiki alipewa kwa utani na bibi mwenyewe, kwa kuwa aking'ang'ania jambo habanduki.

Bibi alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Watoto aliowazaa walikuwa wengi. Aliowakuta jikoni mwa shule jioni, wasio na pa kwenda baada ya kengele ya mwisho, akawachukua nyumbani, walikuwa wengi vilevile. Baba yake Kisiki alikuwa mmoja wa hao wa jikoni. Wote walikula sinia moja na kugombezwa kwa sauti ileile.

Bibi alipofariki, shule iliandaa kumbukumbu yake katika ukumbi wa chakula. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alipanga jinsi watu watakavyokaa. Alitangaza kwamba benchi za mbele ni za watoto wa kuzaa na wajukuu wa damu. Wengine wakae nyuma pamoja na wanafunzi na wageni. Baba yake Kisiki akainamisha kichwa, akaenda nyuma.

Roho ilimuuma Kisiki. Akaketi benchi ya mbele kabisa.

Baba mkubwa alimnong'oneza aondoke, asiwatie aibu mbele za watu. Shangazi akamkonyeza ainuke. Kisiki akang'ang'ania benchi.

"Siondoki, baba mkubwa," alisema. "Ukinihamisha, waambie na wageni kwamba bibi alikuwa mwongo. Alituambia sisi sote ni wake."

"Adabu yako iko wapi?"

"Ninayo. Nimekuamkia pale mlangoni. Lakini siondoki."

Ukumbi mzima uliwageukia. Baba mkubwa alimtazama, uso ukamshuka. Kisha akaenda nyuma, akamshika mkono baba yake Kisiki, akamleta mbele. Wenzake waliolelewa na bibi wakafuata, wakabanana hadi benchi zikalia.

Ndipo baba mkubwa akashika kipaza sauti.

"Wanafunzi, mtoto huyu amenikatalia mbele yenu, na amefanya vyema. Kumheshimu mkubwa si kukubali uongo wake. Mkiona jambo si kweli, lisemeni kwa adabu, hata kama sauti inatetemeka."

Akageukia benchi za mbele. "Watoto wa Mama Mwiko, simameni watu wawaone."

Wakasimama wote.