Gitaa la Pili Katika Wimbo wa Nkwabi

Machibya alirekodi gitaa moja, spika zikatoa mawili.

Mkewe, Justa, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akaweka kisu chini. "Baba Precious, ulikuwa na nani humo studio?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Peke yako, mikono minne?"

Chumba chenyewe, hapo Kirumba, watu wawili hawageuki. Lakini kilinuka tope la ziwani, na Justa alipomshika mumewe mkono wa kushoto, ulikuwa wa baridi kama sato aliyetoka kwenye barafu. Vidole havikunjiki.

Akampigia simu Tereza, bibi yake Machibya, aje kutoka Buhongwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu kafanya nini?"

Wakamwekea wimbo. Utani ukamwisha mdomoni.

"Zimeni! Huo ni wa Nkwabi."

Akawasimulia kwa kunong'ona. Nkwabi, mpiga gitaa wa bendi ya zamani, alifundishwa wimbo ule kwenye mawe ya ziwani, na mtu asiyegeuza uso. Hauimbwi, ni gitaa tupu, na ukumbi mzima ulikuwa ukitoa machozi. Kwenye bendi mpiga solo akipamba moto hutajwa jina, lakini Nkwabi alikataza lake lisitajwe, mwimbaji aliita tu, "Mwenyewe huyo!" Mpiga gitaa mwingine, Chenge, akaja kuurudia, akajitaja, mkono ukakauka. Revocatus akaupiga kwa kinanda harusini, akajitaja, na mpaka leo mama yake anamlisha uji.

"Na wewe, umejitaja?"

"Nimejitaja, bibi, mwanzoni kabisa." Kwa vijana wa sasa wimbo hauanzi bila jina.

"Lifute!"

Akalifuta kwa mkono wa kulia, taratibu, huku gitaa la pili likizidi kulia ndani ya spika ambazo Justa alishazichomoa umeme, na lile tope likinuka kwa nguvu, na mlio ukipanda, ukipanda, kama mtu anayetembea kutoka majini kuja mlangoni, kisha kimya.

Vidole vikaanza kupata joto. Justa akavikumbatia kifuani, akicheka na kulia.

Tereza hakucheka. "Hujampa mtu wimbo huo?"

"Nimeutuma asubuhi, bibi. Kwenye kundi la madereva wa bajaji."

Nje bajaji ikapita, muziki juu. Sauti ya Machibya ikajiita kwa madaha, "Machibya! Machibya!" na mkononi mwa Justa kidole kimoja cha mumewe kikapoa. Nyuma yake ikaja bajaji nyingine.