Cheche na Waya wa Kifaru

Kila asubuhi ya mashindano, kabla hata chai haijachemka, Cheche alipiga magoti kando ya pikipiki yake na kugusa nati moja baada ya nyingine kwa kidole. Baba yake, fundi wa pikipiki, ndiye aliyekaza. Cheche ndiye aliyekagua. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya timu yao: mkono uliokaza haujikagui. Timu yenyewe ilikuwa na watu watatu tu. Wa tatu alikuwa shangazi, aliyeshika saa ya kupimia muda, akapika, na akagombana na kila aliyeegesha gari karibu na turubai lao.

"Na waya?" baba aliuliza.

"Umebana."

Waya huo mwembamba hufungwa kwenye nati iliyo chini ya injini, ile ya kumwagia oili, ili mtikisiko usije ukailegeza njiani. Baba alikuwa radhi kusahau kula kuliko kusahau waya.

Ilikuwa Jumamosi ya raundi ya tatu ya ubingwa wa taifa wa vijana. Cheche, msichana wa miaka kumi na mitatu, hakuja kushiriki tu. Alikuja kulipiza kisasi. Katika raundi iliyopita, mvulana aliyeitwa Kifaru alimpiga kikumbo kwenye kona ya mwisho, Cheche akabiringika hadi kwenye changarawe na kuvunjika mtulinga, mfupa wa begani. Alipokuwa akifungwa mkono kwenye hema la daktari, alimsikia Kifaru nje akicheka na wenzake: "Pikipiki za gereji zirudi gereji."

Maneno hayo yalimla muda wote aliokaa na mkono umening'inizwa shingoni. Mfupa uliunga, moyo haukuunga. Shangazi aliposema yaliyopita si ndwele, Cheche alijibu kimoyomoyo kwamba dawa ya moto ni moto.

Siku hiyo, katika mizunguko ya kupanga nafasi, Kifaru alikuwa wa kwanza na Cheche wa pili. Jioni Cheche alikwenda kuchota maji, akapita mbele ya turubai la akina Kifaru. Mjomba wa Kifaru, ambaye ndiye fundi wao, alikuwa amemaliza kubadilisha oili, na sasa alizungumza kwa simu huku akifuta mikono. Ukaguzi wa waamuzi ulikuwa umeshapita tangu mchana. Jicho la Cheche lilikwenda lenyewe mahali lilipozoea kwenda. Nati ilikuwa tupu. Waya wa zamani ulikuwa umelala chini, vipande viwili.

"Unaangalia nini?" Kifaru aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Hujawahi kuona pikipiki nzuri?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Cheche. Alilimeza.

"Naangalia tu," alisema, akaondoka na ndoo yake.

Alifurahi, tena alifurahi sana. Hakugusa kitu wala hakusema uongo. Mtu kasahau waya wake mwenyewe, yeye anahusikaje? Usiku aliimba akiosha vyombo, hata shangazi akamtazama kwa mashaka.

"Wewe na vyombo mmepatana lini?"

"Leo, shangazi."

Jumapili, baada ya mzunguko wa kupasha moto injini, pikipiki zilijipanga kwenye mstari wa kuanzia. Kifaru alikuwa kando ya Cheche. Moja kwa moja nyuma ya Kifaru alikuwa Kitufe, msichana wa miaka kumi, mdogo kuliko wote, ambaye miguu yake iligusa chini kwa ncha za viatu tu. Kitufe alimwinulia Cheche kidole gumba. Cheche alimjibu, kisha akatazama chini ya injini ya Kifaru.

Tone moja jeusi lilianguka kwenye lami. Likafuata la pili.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Tangu jana, kichwani mwake, alikuwa amemwona Kifaru peke yake akianguka. Hakuwa amefikiria oili inakokwenda baada ya hapo, na tairi la kwanza kuikanyaga lingekuwa la Kitufe.

Kanuni aliijua vizuri: anayeinua mkono kusimamisha mbio huanza wa mwisho. Nafasi ya pili, ambayo aliitafuta kwa jasho na mfupa uliovunjika, ingekwenda na maji. Na yote hayo kwa ajili ya nati ya Kifaru. Cheche alikasirika mpaka macho yakamchonyota. Kisha akainua mkono.

Mwamuzi alikuja mbio. "Pikipiki yako ina nini?"

"Yangu nzima. Ya huyu inavuja oili. Nati ya chini haina waya."

Mjomba wa Kifaru aliinama kutazama, akainuka uso umemshuka. Sanduku lake la vifaa lilikuwa mbali. Lakini baba yake Cheche alikuwa ameshafika, spana mkononi, akitoa waya kwenye mfuko wa ovaroli. Alilala juu ya lami chini ya pikipiki ya mtoto aliyemvunja mtoto wake mfupa. Akakaza nati, akaizungushia waya, akafuta tairi kwa kitambaa safi.

"Cheche, kagua," alisema.

Cheche alishuka na kupeleka kidole. "Umebana."

Lami ilisafishwa, na Cheche aliyesimamisha mbio, pamoja na Kifaru aliyetengenezewa pikipiki mstarini, wakarudishwa nyuma ya wote. Taa za kuanzia mbio zilipozimika, kila mmoja wao alipanda kutoka mkiani, akipita wengine. Katika mzunguko wa mwisho walifika pamoja kwenye kona ileile. Kifaru aliacha upenyo kwa ndani. Bega la Cheche likamwasha. Angeweza kumlipa hapohapo. Badala yake alimwachia nafasi ya kutosha pikipiki moja, akapinda, akampita. Raha aliyoipata haikuwa ndogo, na hakuna aliyevunjika.

Cheche alimaliza wa tano, Kifaru wa sita. Kitufe alikuwa wa tatu, na alilia kwa furaha mpaka akashindwa kuvua helmeti.

Baadaye Kifaru na mjomba wake walikuja kwenye turubai.

"Ahsante, mwanangu," mjomba alisema. "Umeniokolea mtoto. Bahati uliyaona yale matone."

Ilikuwa rahisi kuitikia ndiyo. Cheche alivua glavu polepole.

"Si leo tu. Niliona jana kwamba nati haina waya, nilipopita na ndoo. Nikanyamaza."

Mwiko wa shangazi ulisimama ndani ya sufuria.

"Ulitaka nianguke," Kifaru alisema.

"Ndiyo."

Kifaru alitazama viatu vyake. "Na mimi siku ile sikuteleza kama nilivyowaambia waamuzi. Nilikusukuma makusudi. Nisamehe."

"Najua," alisema Cheche. "Nisamehe na mimi."

Walipoondoka, baba alikaa juu ya sanduku la vifaa. Hakufoka. Cheche alitamani afoke.

"Hasira yako naijua," baba alisema. "Shangazi yako alikuvalisha shati kila siku kwa sababu mkono haukuinuka, na mimi nilikuwa nje nasikia unavyolia. Sikulaumu kwa kuumia. Lakini ulilala usingizi ukijua. Oili ikimwagika njiani haichagui tairi, mwanangu. Kisasi nacho ni hivyohivyo: unamlenga huyu, anaanguka wa nyuma yake. Ukitaka kumshinda mtu, mshinde kama leo pale konani, akiwa mzima, akuone unavyompita."

Cheche alilia kidogo, shangazi akampa sahani ya chakula, na mambo ya siku hiyo yakaishia hapo.

Katika raundi iliyofuata, kabla chai haijachemka, Kifaru alisimama mbele ya turubai lao akijikuna kichwa.

"Mjomba ameshakaza," alisema. "Anaomba uje ukague."

Cheche alipangusa kidole kwenye suruali, akainuka.

"Twende," alisema. "Lakini kwenye kona nitakupita tena."