Mbuzi Hazitajwi mu Phonie

Ukitaka kuona mtu aliyevaa vizuri akichafuka, simama kwenye parking ya Beni siku ya mvua. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa bado haijaisha, lakini wafanyabiashara wa Butembo, nani aliwahi kuwazuia? Jokébed Maliro, binti wa Butembo, alikuwa akipakia garini kitunga cha samaki wakavu kutoka Kyavinyonge, kitenge chake cha njano kipya kabisa, na kitunga kikapasuka. Samaki wakatapakaa kwenye matope. Watu wakacheka, wengine wakawaruka. Mmoja tu aliinama, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na kravati nyekundu, akawaokota na kuwapangusa kwa leso yake.

"Utanuka samaki mpaka Pasaka, monsieur," Jokébed akamwambia.

"Haina neno. Leo nafundisha neno ya Kiingereza ya kuokota. Sasa niko na exemple."

Jina lake Urbain Tshibangu, mtu wa Kasaï. Serikali ilimtuma kufundisha Beni, kisha vita ikamkatia njia ya kurudi kwao. Kila Jumamosi alipanda Butembo kufundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa la Kiprotestanti, kwa wachuuzi wanaokwenda Kampala na Dubai. Wakakaa kiti kimoja garini. Walipofika Butembo, Jokébed alikuwa ameahidi kuja kusoma, na Mungu amsamehe, si Kiingereza alichokuwa anakitafuta.

Siku ile Urbain aliandika ubaoni *pick up*, akaanza kumwaga maana zake. Kuokota kitu chini, ambako unaweza pia kusema *gather*. Kwenda kumchukua mtu kwenye parking, yaani *fetch*. Kushika lugha kwa kuisikiliza tu, yaani *learn*. Biashara kuamka baada ya kulala, yaani *improve*. Redio kunasa sauti hewani, yaani *receive*. Mwisho akakohoa, akasema kuna na kumpata msichana ambaye hukumjua jana, na hiyo hakuiandikia neno la pili.

Mzee Onésime, baba yake Jokébed, mzee wa kanisa na muuza vitenge, akainua kidole. Alitaka kujua kama ni umaskini wa maneno ama ni uchafu, neno moja kuokota maharagwe na kuokota binti za watu. Urbain akamuuliza kwa heshima: na sisi je, papa? Tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga na mwizi. Mzee akacheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo alimpenda mwalimu, bila kujua ni maana gani kati ya zile ilikuwa inaendelea kwenye benchi la tatu, alipokaa binti yake.

Basi yakawa mapenzi. Jokébed alimwita "professeur wangu wa samaki", yeye akamwita "ma belle ya njano", mrembo wa kitenge kile. Kati ya Jumamosi na Jumamosi kulikuwa na phonie tu, redio ya kuongea mji kwa mji, na ya Butembo ilikuwa kwenye kibanda cha Vagheni. Unashika micro, unasema, unamaliza na "à vous", yaani zamu yako, na benchi zima la wanaongoja linakusikia, pamoja na yeyote aliye hewani milimani kote. Kwa hiyo waliongea habari za mvua, kwa sauti laini ambazo mvua haihitaji.

Urbain akaamua kujitambulisha kwa Onésime. Kwa Wanande, watu wa Butembo, mahari ni mbuzi, na mkubwa ndiye husema kwa ajili ya bwana arusi. Ndugu zake wote walikuwa mbali, upande wa pili wa vita, basi Pasta Ésaïe wa Beni akakubali kuwa baba yake. Kwa furaha Urbain akakimbilia phonie ya Beni.

"Jokébed, mupenzi, tunakuya Alhamisi. Gari ya asubuhi, miye na Pasta Ésaïe, na mbuzi zote. À vous."

Huko Butembo benchi zima likamgeukia Jokébed. Vagheni akavua kofia. Yesu wangu! Mtu wa huku hataji siku, gari na mzigo hewani, kwa sababu wenye bunduki kando ya njia nao wana phonie, na wanapenda mbuzi. Hata bibi kizee wa kijijini Luofu anajua hilo. Lakini Urbain alikuwa mgeni, na mapenzi yalishamlainisha kichwa. Jokébed akaona akimwambia abadilishe siku, wale nao wataisikia siku mpya. Akabonyeza kitufe.

"Hapana kuya. Sikutake. Ile maneno ya ndoa imekwisha. À vous."

Phonie ikakoroma kidogo.

"Nimesikia," Urbain akasema, kisha akafunga mazungumzo: "Terminé."

Jokébed akatoka bila kumuaga mtu, akaenda kulia nyuma ya vitenge vya baba yake.

Alhamisi gari la asubuhi likasimamishwa msituni. Abiria walivuliwa mpaka viatu, na wanaume wawili wakaingizwa porini, majina yao hayakujulikana. Jokébed akamkimbilia Vagheni. Phonie ya Beni ikajibu kwamba mwalimu alitoka nyumbani alfajiri. Hapo akaenda kumwambia mzee Onésime yote. Hakumgombeza. Alisema tu Jumamosi waende ukumbini, kwa sababu penye watu habari hufika.

Jumamosi wote walikuja, na mwalimu hakuwapo. Walikuwa wameinamisha vichwa kuomba mlango ulipofunguka. Urbain aliingia, suruali matope mpaka magotini, kravati hakuna, na nyuma yake Pasta Ésaïe, mzee wa watu, akiegemea fimbo.

"Nilitaka kurudisha mbuzi," Urbain akamwambia Jokébed, hata salamu kasahau. "Pasta akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mwanamuke hakukukataa, alifunga kinywa ya phonie. Donc tulikuya ku miguu, tukapita mu mashamba, bila kuambia mutu. Mais njia yote sikuwa na hakika. Nimekuya kusikia na masikio yangu."

Jokébed akamfikia, akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Weye mwenyewe ulitufundisha kama redio inanasa sauti. Ulifikiri ni weye tu unasikiaka?" Kisha akalia kweli, bila aibu. "Nakupenda. Sikuweza kusema mbele ya benye bunduki. Nasema mbele ya papa."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mzee Onésime akasimama. Hakumtazama kijana, alimgeukia pasta, kama desturi inavyotaka, akamuuliza wamefika kuomba nini.

"Tumekuya kuomba binti yenu," akasema Ésaïe.

"Na mbuzi?"

Pasta akaonyesha dirisha kwa fimbo. Mbuzi wote walikuwa uani, wanakula maua ya kanisa, na hakuna aliyetoka kuwafukuza.